Sampuli Namba Arobaini na Saba

Daktari Lukumani Shomari alikuwa mtu wa kuamini rangi. Kila mwaka, siku ya kwanza ya maabara, aliwaambia wanafunzi wake wapya: "Binadamu anaweza kukudanganya, hata kitabu kinaweza kukudanganya, lakini rangi ikishabadilika ndani ya chupa, imebadilika." Wanafunzi waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari, na wale wenye bidii waliyapigia mstari.

Imani hiyo aliitoa nyumbani kwao Ng'ambo, Tabora. Baba yake, mzee Shomari, alikuwa fundi wa kupaka bati sufuria za shaba. Sufuria kubwa za pilau za watu wa mjini zilipita mikononi mwake kabla ya kila harusi na kila maulidi. Aliisugua sufuria kwa mchanga na ndimu, akaipasha moto, kisha akalipitisha bati lililoyeyuka kwa kitambaa kikavu mpaka ndani kukawa kweupe. Lukumani alikuwa akikaa kando na kuuliza maswali. Kwa nini shaba ikilala na ndimu inaota kijani? Mzee hakujua. Alichojua ni kwamba kijani kile kinatapisha watu, akamwambia mwanawe akamuulize mwalimu. Mwalimu naye hakujua, na kwa kuwa aliulizwa mbele ya darasa zima, alimchapa viboko viwili.

Lukumani hakuacha kuuliza. Aliuliza akiwa sekondari, akauliza Makerere, na mwisho akaenda kuulizia Uingereza, ambako alikaa miaka minne akivaa soksi mbili mbili kwa baridi. Mwaka 1966 alirudi na shahada ya udaktari wa kemia. Nchi ilikuwa changa na wasomi wa namna yake walihesabika kwa vidole. Alipewa kazi ya kufundisha chuo kikuu, akamwoa Nyamizi, mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Igalula, wakajaliwa binti, Kuluthumu.

Mwaka 1974 alikuwa na miaka arobaini na miwili, mhadhiri mwandamizi, na faili lake la kuombewa uprofesa lilikuwa limekwisha kuingia kwenye kamati. Mkuu wa idara yake, Dakta Tobias, alimdokeza kwamba mambo yanakwenda vizuri.

"Unajua kinachokubeba?" Tobias alimwambia. "Si zile makala za Uingereza. Ni ule Mwongozo wako. Wakubwa wanataka msomi anayeshuka kwa wananchi."

Mwongozo wenyewe ulikuwa kijitabu cha kurasa ishirini na nne, *Utunzaji na Upimaji wa Asali*, alichokiandika kwa Kiswahili kwa ajili ya shirika lililonunua asali ya vijijini na kuipeleka nje. Nusu ya kwanza iliwafundisha wakulima namna ya kuitunza asali. Nusu ya pili ilieleza jaribio la kuwakamata wadanganyifu. Unachukua asali kidogo, unaiandaa, unaidondoshea dawa iliyochanganywa na asidi kali. Asali safi hubaki na rangi yake. Ile iliyoongezwa sukari ya kupikwa kiwandani hugeuka nyekundu kama maji ya maua ya choya. Jaribio hilo Lukumani alilitoa kwenye kitabu cha Ulaya ambacho kila mtu alikiheshimu. Lakini jambo moja alilibuni mwenyewe, na alijivunia: sampuli zisiletwe kwake na majina ya vijiji, ziletwe na namba tu, ili mpimaji asimpendelee mtu wala kumwonea.

Wiki ya kwanza ya Oktoba aliletewa sampuli namba arobaini na saba. Aliidondoshea dawa, ikawa nyekundu. Akarudia, maana ndivyo alivyofundishwa, ikawa nyekundu tena. Akajaza cheti: *Si asali halisi. Imechanganywa na sukari.* Akatia sahihi, akaenda kula chakula cha mchana.

Wiki mbili baadaye, Jumapili asubuhi, Nyamizi alipata barua kutoka kwa kaka yake. Alifurahi kabla hata hajaifungua, kwa sababu Limbu alikuwa amejifunza kusoma na kuandika mwaka mmoja tu uliopita, kwenye kisomo cha watu wazima, na kila barua yake ilikuwa sherehe. Herufi zilikuwa kubwa na zilipanda mlima kuelekea kulia.

"Sikiliza, baba Kuluthumu," alisema, akaanza kusoma kwa sauti. "'Dada Nyamizi, salamu sana. Sisi wazima. Mvua bado. Asali ya kijiji, mapipa ishirini, imekataliwa. Karatasi imesema namba 47 ina sukari. Mtaalamu wa chuo kikuu ndiye aliyepima. Mimi ndiye kiongozi wa warina asali, kwa hiyo mimi ndiye mwizi. Tarehe 16 Novemba naitwa mbele ya kamati ya wilaya, na asali itamwagwa. Hapa kijijini wengine hawaitikii salamu yangu. Dada, sukari tunagawiwa kilo moja kwa nyumba kwa mwezi, na mwezi wa nane haikuja kabisa. Ya kutia kwenye mapipa ishirini niliitoa wapi? Muulize shemeji, yeye ni msomi wa mambo hayo.'"

Nyamizi aliinua macho. Mumewe alikuwa ameshika kikombe cha chai, hanywi wala hakiweki chini.

"Una nini?"

"Arobaini na saba," Lukumani alisema. "Nilipima mimi."

Nyamizi aliikunja barua polepole. Hakupiga kelele, na Lukumani alitamani angepiga.

"Ukaandika nini?"

"Nilichokiona. Ilikuwa nyekundu, mama Kuluthumu. Mara mbili."

"Na sukari aliitoa wapi?"

"Rangi haisemi ilitoka wapi. Inasema imo."

"Basi mimi sijasoma kemia," Nyamizi alisema, "lakini mwezi wa nane mimi mwenyewe nilimpelekea mama sukari nusu kilo kutoka hapa, kwa mtu wa treni, kwa kuwa kule hakuna. Kijiji kisicho na sukari ya chai kimepata ya mapipa ishirini? Wewe mpimaji, lipime na hilo."

Kesho yake Lukumani alikwenda kwa Tobias kuomba likizo ya mwezi mmoja, akamweleza sababu. Tobias alifunga mlango wa ofisi.

"Kamati inakaa Januari," alisema. "Ukienda sasa kuchokonoa Mwongozo wako mwenyewe, unawapa sababu ya kukuweka pembeni miaka mitatu. Subiri upite. Ukishakuwa profesa utatoa toleo la pili, utarekebisha humo kimyakimya."

"Na tarehe kumi na sita Novemba?"

"Shemeji yako atapewa onyo. Basi."

"Ataitwa mwizi."

"Lukumani, watu wanaitwa wezi kila siku."

"Lakini si kwa sahihi yangu."

Tobias hakuwa mtu mbaya. Alimsainia likizo, akampa na sanduku lake mwenyewe la mbao la kusafirishia chupa.

Treni ilimshusha Igalula asubuhi, jua likiwa limekwisha kuchachamaa. Kitu cha kwanza alichokiona baada ya moshi kupita kilikuwa yale mapipa. Yalikuwa yamesimama uwanjani kando ya reli, safu mbili za kumi kumi, hayana kivuli hata cha kuku. Na yote yalikuwa meusi tii.

"Mwangaluka, shemeji!" Limbu alikuja akiikokota baiskeli. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye makovu ya nyuki kwenye viganja. "Karibu kwenye sukari yetu. Umekuja na majani ya chai, tupike?"

Kwa desturi yao mashemeji walitaniana, lakini mara hii Lukumani hakurudisha utani. Alicheka kidogo kwa adabu, akalisogelea pipa la kwanza, akaweka kiganja juu yake. Akakitoa upesi kama aliyegusa sufuria jikoni.

"Nani aliyapaka hii rangi nyeusi?"

"Ni lami. Wakandarasi wa barabara walibakisha mapipa mawili, tukaomba. Kwani tumekosea? Si wewe ulituambia?"

"Mimi?"

Limbu aliiegemeza baiskeli, akasimama wima kama mtoto wa shule, akasoma kichwani: "'Ukurasa wa kumi na moja. Mapipa ya asali yalindwe sana yasipate kutu.' Shemeji, kile kijitabu chako ndicho tulichosomea kisomoni. Vitabu vingine vilichelewa, mwalimu wetu Tekla akasema basi tusome hiki. Ukurasa wa kumi na moja nimeusoma mpaka nimeuota. Tukasema, kutu? Hapa kutu haiingii. Tukapaka lami nje, ndani tukayaosha mara tatu kwa maji ya moto. Vijiji vingine hawakupaka. Ni sisi tu tuliotii."

"Yamekaa hapa tangu lini?"

"Tarehe kumi Agosti. Mabehewa yote yalikuwa yanabeba mahindi ya njaa. Sasa sisi tungeyazuia mahindi tuseme asali kwanza? Tukangoja. Huyo bwana wa shirika, Modest, alikuja mwisho wa Septemba kuchota sampuli papa hapa."

Lukumani alihesabu kimoyomoyo. Wiki saba, chuma cheusi, jua la Septemba la Unyamwezi. Kitabu cha Ulaya kiliandikwa na watu waliotunza asali yao kwenye nyumba za mawe, ambako kiangazi cha kweli ni siku ishirini kwa mwaka. Wazo lilianza kumjia, na lilikuwa wazo la kumfurahisha na kumtisha kwa pamoja.

Kijiji cha akina Limbu, Isikilo, kilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Kilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu tangu watu wakusanywe kutoka porini na kupangwa kwa mistari, na miembe ilikuwa bado inafika magotini. Lukumani alipewa malazi kwa Limbu, akala michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na karanga, akasalimiwa na watu wachache kuliko alivyozoea. Kesho yake aliomba darasa la kisomo, akapanga chupa zake juu ya meza, akasema wazi mbele ya watu wote: aliyepima asali ni yeye, na amekuja kupima tena.

Hapo palizuka minong'ono. Limbu peke yake ndiye ambaye hakushtuka.

Kwanza alipima asali ya akiba ya kijiji, ile ile ya msimu ule, iliyobaki kwenye vibuyu ndani ya ghala la udongo. Dawa ikaingia, watu wakanyoosha shingo. Rangi haikubadilika. Watu wakapiga makofi. Kisha akapima asali aliyoichota kwenye pipa la stesheni. Ikawa nyekundu.

Makofi yalikatika. Mzee Lugembe, aliyekuwa mrina asali tangu enzi za Mjerumani na ambaye mizinga yake ilijulikana msitu mzima kwa alama aliyoichora, alisimama akiegemea fimbo.

"Mwanangu Daktari, shikamoo yako nimeipokea jana, kwa hiyo leo niache niseme," alianza. "Asali ya ghalani safi. Asali ya stesheni ina sukari. Sisi tuliijaza asali moja. Basi aliyeipeleka stesheni anajua kilichotokea njiani."

Macho yote yalimgeukia Limbu. Lukumani alikuwa amekuja kumwokoa Limbu, sasa alijiona anamzamisha.

"Mzee wangu," alisema, "naomba siku kumi na nane. Na naomba wewe ndiye unisimamie, kwa sababu wewe humwamini Limbu, na nadhani hata mimi huniamini."

"Hilo umesema kweli," mzee Lugembe alisema, na watu wakacheka kidogo.

Walichukua asali ya kibuyu kimoja, mbele ya watu wote, wakaigawa kwenye makopo matatu. La kwanza lilipakwa lami, likapelekwa stesheni kusimama kando ya mapipa. La pili lilipakwa chokaa, likawekwa stesheni hiyo hiyo lakini chini ya paa la ghala. La tatu lilirudi kwenye ghala la udongo la hapo kijijini. Kila kopo lilizibwa kwa nta, na juu ya nta mzee Lugembe alichora kwa ncha ya kisu alama yake ya mizinga: mistari miwili na jicho. Msitu mzima hakuna aliyethubutu kuigusa alama hiyo, maana kufungua mzinga wa mtu lilikuwa jambo la kuhama kijiji.

Siku zikaanza kwenda. Kila adhuhuri Lukumani alipanda baiskeli kwenda kupima joto la makopo kwa kipimajoto chake, na Tekla, yule mwalimu wa kisomo, aliwapa wanafunzi wake kazi ya kuandika tarakimu hizo ubaoni. Siku ya nne kopo jeusi lilifika nyuzi hamsini na nane. Akina mama waliokuwa wanajifunza desimali wakabishana kama ni hamsini na nane au hamsini na nane nukta tano, wakamtaka Daktari aangalie vizuri.

Siku moja walipokuwa wakirudi, Lukumani aliuliza jambo lililokuwa likimkera.

"Limbu, ile siku niliposema mimi ndiye niliyepima, wewe hukushtuka."

"Nishtuke nini? Cheti kina sahihi. *Dkt. L. Shomari.* Ndiyo barua ya kwanza ya serikali niliyoisoma mwenyewe bila kumwita mtu." Limbu alikanyaga pedali kidogo. "Nilianza na jina chini, kwa kuwa majina ni mepesi. Nikafurahi, nikasema, ah, shemeji! Halafu nikasoma juu."

Lukumani alishuka kwenye baiskeli.

"Mbona hukumwandikia dada yako kwamba ni mimi?"

"Ningemwandikia, ungekula nini wewe? Nyamizi namjua, nimekua naye. Ungekunywa uji wa chumvi mpaka Krismasi, na wewe wala si Mkristo." Kisha Limbu akaacha mzaha. "Nilisema hivi: shemeji akisikia arobaini na saba, atajua mwenyewe. Akinyamaza, nami nitakuwa nimemjua. Akija, amekuja."



Tarehe kumi na sita Novemba walipanda treni wote watatu, Lukumani, Limbu na mzee Lugembe, makopo yakiwa kwenye kapu mapajani mwa mzee. Kabla ya kikao, kwenye baraza la ofisi pale Tabora mjini, Modest, afisa wa shirika, alimvuta Lukumani pembeni. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alikuwa na wasiwasi wa kweli.

"Daktari, nimesikia ulichokuwa unafanya Igalula. Nakuomba tusaidiane. Tuseme kijiji kilihifadhi asali vibaya, kikapaka lami bila kuuliza. Limbu anapewa karipio la uzembe, hakuna wizi, anarudi nyumbani. Cheti chako kinabaki, Mwongozo unabaki. Wote tumepona."

Lazima isemwe kweli, maneno yale yaliingia moyoni mwa Lukumani yakakaa vizuri. Hayakuwa uongo mtupu. Lami ilipakwa kweli. Limbu angepona. Januari ingefika, kamati ingekaa, naye angeitwa profesa, mtoto wa fundi bati wa Ng'ambo. Aliwaza hata watu watakaokuja kumpongeza, na nani angeanza.

Kisha akamtazama Limbu, aliyekuwa ameketi benchi la barazani akisoma tangazo la chanjo ya ng'ombe lililobandikwa ukutani, akilifuatisha kwa kidole neno kwa neno.

"Walipaka lami kwa kunitii mimi," Lukumani alisema. "Sasa niwakaripie kwa kunitii?"

Ndani, mwenyekiti wa kamati alikuwa mama mmoja mnene, mtulivu, Benedikta, aliyewahi kuwa mkunga. Alitaka maneno machache. Mzee Lugembe alizikagua nta zake moja moja kwenye mwanga wa dirisha, akatangaza kwamba alama ni yake na hazijaguswa. Lukumani akafungua makopo, akadondosha dawa kwenye visahani vitatu vyeupe. Kopo la ghala la udongo: rangi ya asali. Kopo jeupe la kivulini: njano iliyokolea kidogo. Kopo jeusi: nyekundu, nyekundu ya choya, mbele ya macho ya watu kumi na mmoja.

"Kwa hiyo nani alitia sukari kwenye kopo hili?" Mama Benedikta aliuliza.

"Hakuna, mama. Ni asali ya kibuyu kimoja. Kilichoingia ni jua."

"Na cheti kilisema?"

"Kilisema sukari."

"Nani alikosea? Reli? Kijiji?"

Modest alikohoa. Lukumani alisimama.

"Mimi. Nilichukua jaribio la nchi za baridi nikalileta hapa bila kuuliza jua la hapa linafanya nini. Rangi ilikuwa ya kweli, lakini maana yake niliisema vibaya. Asali hii ilipata joto, imepoteza ubora kiasi, inafaa kuuziwa waokaji wa mikate. Lakini ni asali. Hawa watu hawakumdanganya mtu."

"Daktari," Modest alisema, na sauti yake haikuwa ya shari, "ukishasema hivyo, vyeti vyako vingine nani atavisadiki?"

"Swali zuri. Kabla ya hii nilipima arobaini na sita. Tano zilikuwa nyekundu. Naomba shirika linipe majina ya vijiji hivyo vitano, ili nivifuate vyote."

Kisha mzee Lugembe, ambaye hakuwa ameruhusiwa kusema, akasema: "Kijana huyu alichapwa vizuri shuleni." Kamati ikacheka, na Mama Benedikta akaandika kwa mkono wake kwamba shauri la Limbu limefutwa. Asali haikumwagwa. Lukumani alikibatilisha cheti chake palepale, akatia sahihi, na akamkabidhi Limbu nakala. Limbu aliisoma yote, kuanzia juu safari hii, kwa sauti, na hakuna aliyemharakisha.

Nje ya ofisi mzee Lugembe alimshika Limbu mkono, akamsalimia upya kama mtu aliyetoka safari.

Lukumani alimwandikia Tobias barua, akaomba Mwongozo uondolewe kwenye faili lake. Jibu lilikuja Januari, fupi: faili limerudishwa, jaribu tena ukiwa na kazi mpya. Nyamizi aliisoma, akamwekea chai.

"Kwa hiyo profesa bado," alisema.

"Bado."

"Haya. Daktari anywe chai."

Kazi mpya aliipata kwenye vile vijiji vitano, ambako nako aligundua kwamba kilichoingia kwenye asali kilikuwa jua. Kimoja kilikuwa upande wa Usoke, katikati ya mashamba ya tumbaku, na huko kiongozi wa warina asali aliyeitwa mwizi miaka miwili nyuma alikuwa amekwisha kufariki. Lukumani alimwomba radhi mjane wake, Swaumu, akikaa chini kwenye mkeka. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akasema angependa maneno hayo yasomwe mkutanoni, siyo nyumbani tu. Yakasomwa. Kwa vijiji vinne vilivyobaki ilikuwa rahisi zaidi, ingawa kimoja kilimkatalia chakula.

Kwa miaka mitatu alipima asali ya Tabora kwenye jua na kivulini, kwenye vibuyu na mapipa, kiangazi na masika, na alipata namba ambazo hazikuwa kwenye kitabu chochote: joto kiasi gani, siku ngapi, rangi gani, na njia nyingine ya kuitambua sukari ya kweli pale inapokuwapo. Makala yake ilichapishwa, na watu wa nchi nyingine za joto walimwandikia kumshukuru, kwa kuwa nao asali zao zilikuwa zikikataliwa. Mwaka 1978 alikuwa profesa. Mtu wa kwanza kumpongeza alikuwa Tobias, na hakukumbusha lolote.

Lakini kabla Mwongozo mpya haujaenda kwa mpiga chapa, Lukumani alifanya jambo ambalo wenzake chuoni walilicheka. Aliupeleka mswada Isikilo, kwenye darasa la kisomo, wausome kwanza. Walikaa nao wiki mbili. Ulirudi na barua ya Limbu, ambaye sasa herufi zake zilikuwa zimenyooka.

"Shemeji Profesa," ilisema, "tumesoma yote. Tuna masahihisho matatu. Ukurasa wa nne umesema asali irinwe asubuhi. Hapa nyuki wa asubuhi ni wakali, andika jioni. Ukurasa wa tisa hatukubaliani na wewe juu ya moshi, lakini Tekla anasema wewe ndiye uko sahihi, tumekuachia. Ukurasa wa kumi na moja umeandika mapipa yapakwe rangi nyeupe. Sema ni nyeupe gani. Sisi watu wa kutii, ukituambia nyeupe tu, mwingine atapaka unga."

Profesa Lukumani Shomari alicheka peke yake ofisini. Kisha akachukua kalamu, akafuta "asubuhi" akaandika "jioni," akaenda ukurasa wa kumi na moja, na baada ya neno "nyeupe" akaongeza: "ya chokaa."